Padri "wa kidunia" ni padri gani?

mfasiri_wa_usiku: Wakuu, natafsiri historia ya parokia yetu kutoka Kiingereza, nimekwama kwenye neno "secular". Kwetu cha kidunia ni muziki wa baa; mwanakwaya akiuimba anaitwa kikaoni. Nimeandika "padri wa kidunia", mama akasoma, akavua miwani: "Huyu aliyenibatiza mimi?" Niandikeje?

babu_seminari: Pole kwa mama. Andika "padri wa jimbo". Yuko chini ya askofu wake, si mtawa wa shirika kama Wabenediktini wa Peramiho au Ndanda, na haweki nadhiri ya ufukara. Asili ni Kilatini, saeculum: kizazi, zama, baadaye dunia hii ipitayo. Wafaransa wakapata humo siècle, yaani karne.

wakili_mdogo: Ila usilibebe hilo la jimbo kila mahali! Kwenye sheria ni serikali isiyo na dini. Katiba ya Tanzania imeliweka ibara ya 3, halafu ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu. Watu wanachanganya sana hapa: asiye na dini ni dola, si raia. Kenya, katiba ya 2010, ibara ya 8, imesema wazi kwamba hakuna dini ya taifa.

mchumi_tz: Kwetu wachumi, "secular" ni mwelekeo wa muda mrefu, wa miongo. Dini haimo kabisa.

mfasiri_wa_usiku: Asanteni sana. Nimefuta, nimeweka "padri wa jimbo". Mama kasoma tena, kaomba nakala yake.