MREJESHO: Binti wa miaka 15, kichwa kuuma na kutoona ubaoni

Wakuu habari za majukumu. Niliomba ushauri hapa kuhusu binti yangu, kichwa kila mara na ubaoni haoni, wengine mkasema simu hiyo, wengine mkasema mpeleke akapimwe. Nimefuata hao wa pili.

Tukatoka Tukuyu na Coaster asubuhi na baridi lile mpaka Mbeya mjini. Daktari wa macho akamtia matone ya kupanua mboni akawa anammulika ndani ya jicho, anasema anaangalia kama mshipa wa fahamu umevimba maana ukivimba inaweza kuwa presha imepanda ndani ya kichwa. Haukuvimba, Mungu mkubwa. Ila haoni mbali, kapewa miwani.

Ubaoni sasa anaona safi, kichwa ndo hakijaisha. Kinagonga upande mmoja na kabla ya hapo anaona vimulimuli, wamesema ni kipandauso, na zile Panadol alizokuwa anameza karibu kila siku nazo zinaweza kuleta kichwa. Tumezipunguza, afadhali ipo ila siyo kivile, tunarudi kliniki.

Mwenye mtoto kama wangu, daktari alisisitiza kichwa kikimwamsha usiku, akitapika asubuhi, akiona vitu viwili viwili au macho yakiingia giza ghafla, hospitali siku hiyohiyo.

Asanteni wote, na dada uliyenikataza miwani ya kuokoteza pale sokoni Mwanjelwa, ubarikiwe sana, nilikuwa nishaulizia bei.