Union Wisconsin: polisi wanajadili kila kitu, sisi wa mashuleni mshahara tu?

kibarua_ughaibuni:
Wakuu habari za majukumu. Nimepata kazi ya usafi kwenye shule za serikali huku Wisconsin, Marekani, zamani nilikua kiwandani jimbo la jirani la Illinois na union (chama cha wafanyakazi) ilikua inatupigania kila kitu, ovataimu, shifti, bima. Huku naambiwa union ipo ila inaongelea mshahara tu basi, halafu polisi na zimamoto wao wanajadili kama kawaida. Hii imekaaje? Mwajiri si serikali hiyohiyo?

mzoefu_milwaukee:
Pole mkuu, hiyo ndo Act 10, sheria ya jimbo ya 2011 enzi za gavana Scott Walker. Mnajadili mshahara wa msingi tu na nyongeza haizidi mfumuko wa bei, labda wananchi wapige kura kuruhusu. Bima na shifti bosi anajipangia. Alafu kila mwaka union inapigiwa kura upya na lazima ipate 51% ya watu WOTE wa kitengo, yani ukilala nyumbani umehesabiwa umeikataa. Mko 100, wamepiga 60, hamsini wamesema ndio, imekufa hiyo! Na ada haikatwi tena kwenye mshahara, kiongozi akufuate mwenyewe mkononi.

mlipakodi:
Semeni na sababu basi. Jimbo lilikua na pengo la dola bilioni 3.6 kwenye bajeti. Wafanyakazi wa jimbo wakaambiwa wachangie kama 12.6% ya bima ya afya, mie wa kampuni binafsi nakatwa zaidi ya hapo na sijaandamana.

shangazi_wa_madison:
Mwanangu mlipakodi, hela union walishakubali kutoa, walichogomea ni kunyang'anywa haki ya kukaa mezani. Maseneta 14 wa jimbo wa chama cha Democrat wakakimbilia Illinois ili akidi isitimie, sheria ikapita hivyohivyo. Kuhusu polisi, angalia jimbo la Ohio mwaka huohuo, sheria yao iliwabana mpaka polisi na zimamoto, Novemba wananchi wakaifuta kwa kura. Walker alijua wa kutowagusa, na 2012 wapinzani walipotaka kumng'oa kwa kura akashinda. Desemba 2024 jaji wa Dane County, kaunti ya hapa Madison, aliibatilisha Act 10 sehemu kubwa lakini ikaenda rufaa, hukumu ikasimamishwa.

kibarua_ughaibuni:
Duh. Sasa hiyo kura ya 51% napigia wapi shangazi?

shangazi_wa_madison:
Kwa simu au mtandaoni, wa mashuleni huwa kabla ya Desemba 1. Waambie na wenzio wa shifti ya usiku, wale ndo husahau.