Tupeane uzoefu: ulipokutana na polisi wa nchi nyingine

Mwanjelwa Kwetu
Wakuu, habari za mida hii. Huku Mbeya kila ukoo una mtu aliyevuka mpaka, awe Nakonde, Karonga au Ulaya. Ukiibiwa au kusimamishwa na polisi huko, inakuwaje ukilinganisha na nyumbani? Leteni mlichokiona wenyewe, ya kwenye muvi tunayajua.

Naanza. Nilichomolewa simu sokoni kwenye msongamano wa mitumba. Kituoni nikaandikiwa RB (namba ya taarifa ya polisi), kisha askari akaniambia, "Dada, ukisikia yuko wapi huyo mwizi, tupigie." Yaani upelelezi nikakabidhiwa mimi!

Tani Thelathini
Mimi ni njia ya Tunduma hadi Copperbelt. Zambia vizuizi vipo kama kwetu, ila kule jiandae kukaguliwa stika zinazong'aa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na pembetatu mbili. Nilikuwa na pungufu, nikaandikiwa faini, risiti juu. Hapa kwetu presha yangu ni tochi ya trafiki ya kupima mwendo, kwenye vibao vya hamsini.

Kilichonichekesha ni tangazo kwenye kituo kimoja kule: dhamana ya polisi ni bure. Kwetu nako limebandikwa, dhamana haiuzwi. Na pande zote mbili mwenye ndugu ndani bado anauliza bei.

Mnyalu wa Ipogolo
Nilisoma Japani. Kule mitaani kuna vituo vidogo vya polisi, wanaviita koban, askari wawili watatu na ramani ukutani. Nilidondosha pochi, nikaikuta imeshapelekwa na hela zote zimo. Watu husema Wajapani waaminifu, sawa, lakini kuna sheria pia: aliyeokota anaweza kudai asilimia 5 hadi 20 ya thamani, na hela zisipopata mwenyewe ndani ya miezi 3 zinaweza kuwa zake. Ilete sheria hiyo stendi ya Igumbilo uone makonda watakavyopishana kituoni!

Ila msiwasifie mno. Ukipita usiku na baiskeli, nawe ni Mwafrika, unasimamishwa waangalie namba ya usajili isije ikawa ya wizi. Kwa adabu zote, wanainamisha kichwa, na wiki ijayo wanakusimamisha tena. Ukikamatwa wanaweza kukushikilia hadi siku 23 kabla hujashtakiwa, na ukishafikishwa mahakamani, zaidi ya asilimia 99 wanatiwa hatiani. Kwetu kuna ile sheria ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, japo utekelezaji wake tuuache kwanza.

Nesi wa Tukuyu
Uingereza hapa. Polisi wengi hawabebi bunduki, ni desturi ya tangu Robert Peel alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829. Nilipofika nilishangaa, maana nimezoea kuona bunduki mlangoni mwa benki. Sasa baiskeli yangu ikaibwa. Nikapiga 101 (999 ni ya dharura), nikapewa namba ya shauri, halafu ikaja barua pepe kwamba wamelifunga, ushahidi hautoshi. Kamera ilikuwa juu ya mlango wa duka, hakuna aliyekuja kuitazama. Mwanjelwa Kwetu, hiyo ni RB yako, ila yangu ilianza na "pole sana".

Chai ya Mufindi
Mkianza kuleta takwimu, kuweni makini. Huku kijijini mbuzi akiibwa tunaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwizi analipa, yameisha, polisi hawana habari. Sweden wao kila tukio la ubakaji wanalihesabu peke yake hata mtendaji akiwa mmoja, ndiyo maana idadi yao inatisha. Kidogo mauaji ndiyo yanalinganishika, maiti si rahisi kuificha.

Mtoto wa Kyela
Niko Johannesburg. Nyumba za wenye nazo zina uzio wa umeme na kitufe, ukibonyeza wanakuja kampuni ya ulinzi na silaha, polisi watafuata. Walinzi binafsi nchi hii ni zaidi ya mara mbili ya polisi. Sisi tuliopanga vyumba vya uani kitufe hatuna, tunapiga filimbi.

Mwanjelwa Kwetu
Filimbi hata mtaani kwetu ipo, tunachangia ulinzi shirikishi kila mwezi. Shida, wezi wanajua vijana wanasinzia saa ngapi.

Nesi wa Tukuyu
Tani Thelathini, shemeji yangu anavuka na Fuso wiki hii. Hizo stika anunue Tunduma au akifika ng'ambo?

Tani Thelathini
Anunue Tunduma, azibandike kabla hajafika geti. Na aifute bodi vumbi kwanza, la sivyo zitabanduka kabla ya Chinsali.