Tupeane uzoefu: maduka na huduma ndogondogo katika mji wa ufukweni

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Hoteli na fukwe zimeshasemwa vya kutosha. Leo tuwazungumzie dobi, duka la dawa, mashine ya pesa, fundi simu na mwenye boti. Mgeni akifika mji mdogo wa pwani, hao ndio wanaomfanya akae kwa raha au atamani kuondoka. Uwe mgeni au mfanyabiashara, lete lako.

Langu ni la dobi. Nguo iliyoingia maji ya bahari hata ukiianika kutwa haikauki sawasawa, maana chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewani. Jioni ukiishika, inanata. Mama mmoja alipokea mzigo wangu, akaipitisha kaptula vidoleni, kisha akaitumbukiza peke yake kwenye ndoo ya maji matupu. "Hii tuitoe bahari kwanza mwanangu, ndipo tuifue." Sabuni haitoi povu la maana penye chumvi. Siku hizi kabla ya kuacha nguo nauliza wanasuuza kwa maji gani, kwani visima vingi vya karibu na ufukwe huwa na chumvi.

Mchangiaji wa 2
Pesa taslimu, ndugu zangu. Mashine ikiwa moja mji mzima, wikendi ya msimu noti huisha. Chukua mapema, na uombe noti ndogo, chenji ni shida. Jingine: ukilipa kwa kadi ukaulizwa utumie fedha ya kwenu au ya pale, chagua ya pale. Ukichagua ya kwenu, wenye mashine ndio wanaokupangia kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi kinakuumiza kuliko cha benki yako.

Mchangiaji wa 3
Mie ni wa boti. Wageni hudhani safari ya saa tatu leo ni saa tatu na kesho. Maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo nasi tunasogea. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa mbali sana na boti hulala mchangani. Jirani yangu anayekodisha mbao za kuteleza huandika kwa chaki mlangoni, kila asubuhi, saa za kujaa na kupwa. Watu huja kusoma tu, wakaondoka na maji ya kunywa na kofia. Hakuna tangazo linalomshinda yule.

Mchangiaji wa 4
Duka la dawa. Mwanangu aliharisha usiku, asubuhi nikaenda kununua chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Dada wa pale hakunipa pakiti akanyamaza. Akauliza, "Utachanganyia kwenye nini?" Nikamwonyesha chupa ya nusu lita. Akanisomesha maandishi ya pakiti: lita moja. Akanipa chupa kubwa tupu, safi, akanieleza nimnyweshe mtoto kidogokidogo. Nilimshukuru sana, kwa sababu ikiwa nzito kupita kiasi inaweza kumdhuru mtoto.

Mchangiaji wa 5
Mimi nina la kulalamikia. Duka moja la kukodisha baiskeli lilitaka pasipoti yangu ibaki kama dhamana. Nilikataa, nikaenda kwa mwingine aliyepokea nakala na pesa kidogo ya amana. Wenye maduka, mgeni hawezi kukuachia pasipoti. Ikipotea, unamwachia kazi ya ubalozini.

Mchangiaji wa 6
Fundi simu hapa. Simu ikizama baharini, izime, usiichomeke kwenye chaji hata kwa kujaribu, ilete siku hiyohiyo. Inayoletwa baada ya wiki naikuta ndani imeota kutu ya kijani.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Mkuu wa boti, huyo jirani yako saa za maji anazitoa kwenye jedwali lililochapishwa au kwenye simu? Mdogo wangu anafungua duka karibu na ufukwe, nataka aanze na hilo la chaki.