Wezi wa mita za maji, tunashirikianaje na polisi?

Kiloba_Tupu: Wakuu habari za jioni, niko Tabora mjini huku pembezoni, mtaa siutaji. Kuna vijana wanakata mita za maji usiku wanaenda kuuza chuma chakavu, unaamka maji yanatiririka barabarani (maji yenyewe yametoka Ziwa Victoria huko!) na bili ni yako. Juzi tukadaka mmoja na mita kwenye kiroba, tukampeleka kituoni bila hata kofi, kesho yake jioni yuko kwenye puli anapiga gemu anatucheka. Sasa watu wanasema akidakwa mwingine ni tairi tu. Tufanyeje?

Asali Mbichi: Nani aliandika maelezo? Wizi una dhamana, na polisi wanatakiwa ndani ya saa 24 wampeleke mahakamani au wamwachie kwa dhamana. Mkimbwaga kaunta mkasepa, hakuna mlalamikaji hakuna RB (namba ya kesi kituoni), afande aandike nini?

Kiloba_Tupu: Duh, mwenye mita alisema atapitia akitoka kazini. Sidhani kama alipitia.

Mama Wawili: Basi ndo hapo. Sungusungu, ulinzi wa wananchi wenyewe, si ilianzia huku kwetu Unyamwezini na Usukumani miaka ya 80 mwanzoni, ukipigwa mwano (yowe la hatari) kijiji kizima nje, hadi 1989 serikali ikaiingiza kwenye sheria ya mgambo, ila kutandika watu ndo kuliitia doa. Mwambieni mwenyekiti aitishe mkutano na polisi kata awepo, majina ya wanaolinda yafike kwa mtendaji na kituoni. Na mchango mtu apewe risiti, kwetu ulinzi ulikufa sababu ya hela tu.

fundi bomba: Mnahangaika na vijana mnamwacha mnunuzi. Kupokea mali ya wizi nako ni kosa. Mita ina namba juu pale, kila aliyeibiwa apeleke namba yake polisi, mzani wa chakavu ukikaguliwa zikikutwa hapo hana pa kuruka.

Dogo Janja wa Reli: Na doria msipangie kwenye grupu la WhatsApp, wezi nao ni wakazi wamo humo 😂

Kiloba_Tupu: Nimeongea na mwenye mita, kesho asubuhi tunaenda wote, mi naandika kama shahidi. Ila hawa wa tairi nani atawaambia?

Asali Mbichi: Afande awaambie mkutanoni. Mtu akifia hapo ni kesi ya mauaji, haina dhamana, na hizo video wanazojirekodi ndo zitawataja.