Sensa inaonyesha chembe nyingi alfajiri, filta haikubali. Nishike ipi?

Mpima Hewa:
Wakuu, naombeni msaada. Nakusanya data ya PM2.5, yaani chembe za hewani zisizozidi mikromita 2.5, kwa ajili ya tasnifu. Nimefunga sensa ndogo ya leza na pampu yenye filta ya tefloni kwenye nguzo moja. Siku za ukungu sensa inapanda alfajiri hadi mikrogramu 90 kwa mita ya ujazo, jua likichomoza inashuka. Wastani wake wa saa 24 unakuwa karibu mara mbili ya filta. Na msimamizi anataka niseme chembe hizo ni za moshi au za udongo. Nifanyeje?

Fundi Mizani:
Shika filta, mkuu. Sensa hiyo haipimi uzito. Inamulika chembe, inasoma mwanga uliotawanyika, kisha inakadiria. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe za chumvi kama salfeti na nitrati hufyonza maji na kuvimba, na matone ya ukungu nayo yanahesabiwa. Filta hulazwa saa 24 kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 ndipo ipimwe.

Ila filta nayo ina mambo yake. Pampu ya lita 16.7 kwa dakika huvuta mita za ujazo 24 kwa siku. Hewa ikiwa na mikrogramu 20 kwa kila mita ya ujazo, kwenye filta umebakiwa na chembe za nusu miligramu kasoro. Alama ya kidole inatosha kuharibu kipimo. Mimi nilipoteza sampuli za mwezi mzima kwa umeme tuli: naweka tefloni juu ya mizani, tarakimu za mwisho zinapanda na kushuka bila kutulia, nami naandika yoyote niliyoiona. Iliniuma sana. Siku hizi siweki filta mizanini kabla ya kuipitisha kwenye kifaa cha kuondoa chaji. Tena beba filta tupu hadi kwenye nguzo, ifungue, ifunge, irudishe, ipime. Ikiongezeka uzito, tatizo ni mikono yako.

Bint Kemia:
Kuhusu chanzo, uzito peke yake hausemi kitu. Ongeza filta ya kwatsi iliyochomwa kwanza kwenye tanuri, ili upime kaboni na levoglukosani, sukari inayozaliwa selulosi ya kuni au majani inapoungua. Usitegemee potasiamu pekee, kwani udongo nao unayo. Kwenye tefloni tafuta silikoni, alumini, kalisi na chuma. Hizo ndizo za udongo. Vanadi na nikeli zikiandamana, fikiria mafuta mazito ya meli.

Mpima Hewa:
Asanteni sana. Nina sampuli 22. Naweza kutumia PMF, ile hesabu ya kugawa chembe kwa vyanzo vyake?

Bint Kemia:
Ni chache mno, ndugu yangu. Njia hiyo ya Paatero na Tapper ya 1994 hutafuta vipimo vinavyopanda na kushuka pamoja, na kwa siku 22 bahati tu inaweza kukutengenezea chanzo kisichokuwepo. Endelea kukusanya hadi zikaribie 100, ukipitia kiangazi na masika.