Taa ya upepo wa tairi haizimi kwenye Tiguan, fundi anataka achomeke kompyuta

Kijana_wa_Isevya
Wakuu habari za jioni. Wenye uelewa na magari ya Mjerumani naombeni msaada. Nina Volkswagen Tiguan, lile toleo la kwanza, juzi nimekula pancha tairi ya nyuma kushoto nikitokea Urambo, nikafunga spea nikaja nayo mdogo mdogo mpaka Tabora mjini, tairi ikazibwa ikarudishwa, upepo ukajazwa, sasa ile taa ya njano yenye alama ya mshangao katikati imeng'ang'ania. Nazima gari nawasha, ipo tu. Fundi mmoja anasema lazima achomeke kompyuta afute kodi za hitilafu na hela anayotaja siyo ya kitoto, mwingine anasema nichomoe betri ilale usiku kucha. Wiki ijayo nampeleka bi mkubwa Kasulu harusini na sitaki kusafiri na taa inanikodolea macho. Nifanyeje?

DerevaMstaafu
Bandika gundi nyeusi juu yake maisha yaendelee 😂 sisi tumefika Mpanda na magari yasiyo na hata geji ya mafuta

Gereji_Ipuli
Kaka betri iache, utapoteza saa na redio bure. Hilo gari halina sensa ya upepo ndani ya tairi, linatumia sensa zilezile za breki za ABS zinazosoma mzunguko wa kila gurudumu. Tairi ikipungua upepo kimo chake kinashuka kidogo kwa hiyo inabidi izunguke haraka kuliko wenzake ili iende nao sawa, gari likiona hivyo linawasha taa. Ndo maana hata ukifunga spea ya saizi tofauti linachanganyikiwa. Angalia karibu na gia kuna kitufe chenye mchoro wa tairi. Swichi on, bonyeza ushikilie mpaka usikie mlio, achia, basi. LAKINI panga upepo kwanza tairi zote nne, maana ukibonyeza unaliambia gari kwamba hivi zilivyo sasa ndo sahihi, hata moja ikiwa na psi 20 litaikubali na litakaa kimya.

Kijana_wa_Isevya
Sasa niweke ngapi mkuu? Kijana wa pancha alipiga teke akasema imejaa.

Mzee_wa_Ujiji
Teke siyo geji mwanangu. Fungua kifuniko cha mafuta utazame kwa ndani, kuna kibandiko, kama hakipo kitafute kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kina namba za gari likiwa na watu wachache na za gari likiwa na mzigo. Zikiwa kwa bar zidisha mara 14.5, mfano 2.3 ni kama psi 33. Pima asubuhi kabla hujatembea, ukipima umetoka Nzega tairi za moto zitakudanganya, zinapanda. Na nawajua watu wa Tabora nyie, mkija harusini mnajaza madumu ya asali na mchele mpaka gari linakalia mkia, kwa hiyo safari hiyo fuata namba za mzigo, ukishaongeza bonyeza tena hicho kitufe.

Dada_RAV4
Naongezea, siyo kila gari liko hivyo. Ya kwangu ni Toyota iliyouzwa kwanza Marekani, kule taa hii ni sheria kwa magari madogo yote tangu toleo la 2008, na sensa zake ziko ndani ya rimu zimeshikana na valvu. Taa ilikuwa inapepesa kama dakika nzima nikiwasha ndo inatulia kuwaka, kumbe siyo upepo, betri ya sensa moja imekufa, na ile betri haibadilishwi unanunua sensa nzima, hapo kweli kompyuta inahitajika kusajili namba yake. Ikiwaka imetulia toka mwanzo ndo upepo. Yako inapepesa?

Kijana_wa_Isevya
Shikamoo mzee, asante dada. Haipepesi. Nimeazima geji kwa dereva wa lori jirani, asubuhi hii mbele kulia 41, mbele kushoto 38, nyuma kulia 34, na ile iliyozibwa 27!! Nimepanga zote kwa kibandiko, nikabonyeza, mlio ukalia, taa imezima. Fundi wa kompyuta ananipigia sipokei 😅

Kijana_wa_Isevya
Wakuu imerudi. Nimezunguka nayo siku nzima, jioni ikawaka, nyuma kushoto imeshuka tena.

Gereji_Ipuli
Basi sasa gari linakwambia ukweli, usibonyeze tena kabla hujapata panapovuja. Chukua maji ya sabuni, pakaa pale palipozibwa, zunguka ukingo wote wa rimu, alaf valvu, na hiyo valvu isukume pembeni kwa kidole huku unaangalia.

Kijana_wa_Isevya
Valvu aisee. Ikisimama wima haitoi kitu, ukiilaza tu upande vipovu vidogo vinatoka pale shingoni, mpira umepasuka umezunguka nusu. Imewekwa mpya, nikajaza, nikabonyeza, jana nimeenda Sikonge kurudi, kimya.

Mzee_wa_Ujiji
Sawa. Spea nayo uipime, na kama ni ile nyembamba usivuke kilomita 80 kwa saa. Mkimaliza Kasulu teremkeni huku migebuka ipo.

Noah_Mwanga
Na mimi ya kwangu imewaka taa ya injini tangu jana, kuna kitufe?

Gereji_Ipuli
Fungua uzi wako mkuu, hiyo ya kwako haina kitufe.